Umsalimie Kulwa

Wewe unayesoma, jifanye umekaa nami hapa jikoni, kwenye kigoda kile karibu na mlango ambako upepo unapita. Mimi huwa naeleza vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi, na leo ninachambua dagaa. Kama kuna jambo nitalieleza polepole kuliko unavyopenda, univumilie. Nimekuwa muuguzi wa watoto wachanga maisha yangu yote ya kazi, na kina mama waliochoka ndio walionifundisha kusema jambo moja kwa wakati mmoja.

Mwezi uliopita tulimzika Sista Agripina, kwao, nje kidogo ya Bunda. Ndiye aliyekuwa mkuu wa wodi nilipoanza kazi Musoma. Baada ya kaburi kufunikwa watu walienda kwenye chakula, kila mtu na watu wake: kwaya upande mmoja, majirani upande mwingine, wauguzi vijana nisiowajua wakiwa wamezungukana na simu zao. Nilikaa mwisho wa benchi peke yangu. Mstaafu kwenye msiba wa kazini ni kama mgeni nyumbani kwake. Kisha akaja mwanamke na sahani mbili za wali, akaketi kando yangu bila kuuliza, akanisogezea moja. "Kula, Sista Wakuru," akasema. "Bado unamsalimiaga?" Sauti niliijua kabla ya uso. Ilikuwa ya Perusi, wa Kisiwa cha Rukuba, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka mingi. Nikamjibu, "Namsalimia kila nikipita." Akaitikia kwa kichwa, tukala. Mama mmoja mbele yetu aligeuka akatuuliza kwa upole kama tuna mgonjwa. Tulimwambia hapana. Lakini wewe nataka nikueleze tulikuwa tunamsema nani.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Nilipanga chumba mtaa wa Makoko, huko Musoma, upande wa chini kuelekea ziwani: kitanda, jiko la mafuta ya taa, ndoo mbili, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Mwenye nyumba alikuwa na watoto wengi, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua wanakula nini. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria, mtoto akilalamika kwamba mwenzake amepewa kichwa cha sato tena, mama akisema, "Kesho utakula wewe, funga mdomo." Mimi upande wangu nilisonga ugali wa kiganja kimoja. Hujawahi kusonga ugali wa mtu mmoja? Ni mgumu. Unga kidogo kwenye maji kidogo huungua kabla haujaiva, na hata ukiiva, unakaa kwenye sahani kama kitu kilichosahauliwa. Nilikuwa nakula nimesimama, nikimaliza upesi, kisha nakaa kitandani kusikiliza wale wengine wakimaliza taratibu.

Siku za mapumziko nilienda kwetu Butiama. Huko nako nilikuwa nimeanza kuwa mgeni. Walinipa kiti badala ya kigoda, wakanimiminia maziwa mgando kwenye kikombe cha wageni. Baba mdogo, mzee wa utani, alinipeleka hadi zizini kila nilipofika. "Wewe si daktari? Hebu mwangalie na huyu ndama, hanyonyi vizuri." Nikimwambia mimi ni nesi wa binadamu, anacheka: "Kwani binadamu hanyonyi?" Nilicheka naye, na jioni ilipokaribia nilirudi Musoma nikiwa na chupa ya maziwa mapajani, nikijiuliza nyumbani kwangu ni wapi kati ya sehemu hizo mbili.

Sasa nikueleze wodi. Tulikuwa na vyumba viwili. Cha kwanza kilikuwa cha uangalizi maalumu, chenye mashine za joto na oksijeni, ambamo walilala watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya siku zao, na wengine waliozaliwa wakiwa mahututi. Humo watu walinong'ona, na mama aliingia akiwa amenawa hadi viwiko, akamtazama mwanawe kama mtu anayetazama ndani ya duka lililofungwa. Cha pili kilikuwa cha kina mama wa kangaroo. Mtoto akishaweza kupumua mwenyewe, mama yake anahamia humo, anamvua mtoto nguo zote isipokuwa nepi, kofia na soksi, anamweka wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeuzwa upande ili pua iwe wazi, kisha anamfunga kwa kitenge. Hapo mtoto anakaa usiku na mchana. Kifua cha mama ndiyo mashine yake. Chumba hicho kilikuwa na kelele, uji wa ulezi, nguo zilizoanikwa kwenye vyuma vya vitanda, na umbea wa wilaya nzima.

Sista Agripina alikuwa na utaratibu wake wa kuwaandaa wazazi kwenda nyumbani, na ulinitia aibu mwanzoni, maana chuoni nilifundishwa kueleza kisha kuuliza, "Mmeelewa?" Yeye alilichukia swali hilo. "Ukimuuliza mtu kama ameelewa atasema ndiyo, kwa sababu anataka uondoke," aliniambia. Yeye alisema neno moja tu: "Nionyeshe." Mama alionyesha anavyonawa. Alionyesha anavyokamua maziwa na kumnywesha mtoto kwa kikombe kidogo, taratibu, akisubiri ameze. Alionyesha atafanya nini mwili wa mtoto ukiwa wa baridi, akikataa kunyonya, akihema mbio au akisita kuhema, midomo ikibadilika rangi. Na mwisho kabisa kulikuwa na zoezi ambalo sijaliona kwingine. Wazazi walitakiwa kusafiri hadi nyumbani wakiwa humo humo chumbani. Kama wanaishi Bunda, tulipanga viti vikawa gari. Kama ni mtu wa milimani, alizunguka vitanda akipanda na kushuka. Walipofika mlangoni kwao, Sista aliuliza: nani yuko ndani? Moto unawashwa wapi? Mtoto atalala wapi? Kina mama wengine walikuwa watazamaji, na walilipenda zoezi lile kuliko sinema.

Perusi aliletwa kwa mtumbwi wa injini kutoka Rukuba, uchungu ukiwa umemkamata mapema mno. Alijifungua mapacha, wote wa kiume. Wa kwanza akawa Kulwa na wa pili Doto, kama ilivyo kawaida huku kwetu Kanda ya Ziwa. Mumewe, Majura, kijana mrefu aliyekuwa na harufu ya nyavu hata akioga, aliwatazama kupitia kioo, akatoka nje mbio na simu yake ya tochi. Tulimsikia akipiga kelele uani: "Wawili! Nasema wawili!" Kule kisiwani, ndugu yake alikuwa amesimama juu ya jiwe ambako mtandao unashika.

Kulwa hakumaliza wiki. Perusi alikuwa bado hawezi kutembea kwa sababu ya upasuaji wa kujifungua. Majura alimchukua mtoto, akaenda kumzika Makoko, kwenye uwanja wa shangazi yake, akisindikizwa na mzee mmoja wa kanisa. Alirudi jioni ile ile akakaa pembeni ya kitanda bila kusema kitu. Na sisi hatukusema kitu. Kulikuwa na imani, na bado ipo, kwamba mama akilia maziwa yanakata. Kwa hiyo wote tuliokuwemo, wauguzi, kina mama, hata mfagiaji, tulipatana bila kikao kwamba jina la Kulwa lisitajwe. Tukaanza kumwita Perusi "Mama Doto." Tulidhani ni upole.

Doto alipambana. Alitolewa oksijeni, akatolewa mpira wa puani, akahamia kifuani kwa mama yake. Hapo ndipo nilipozoeana na Perusi. Tulikuwa karibu umri mmoja. Aliongea kidogo, lakini aliona mambo. Mchana mmoja shangazi wa Makoko alikuwa amemletea ugali wa muhogo na dagaa wa kukaanga kwenye hotipoti. Nilipokuja kumpima mtoto joto akanitazama, akaniuliza, "Sista, wewe unakulaga na nani?"

"Nakula kwangu."

"Sijauliza wapi. Nimeuliza na nani."

Nilijifanya nasoma kipimajoto. Akamega tonge, akaliacha upande wangu wa sahani. Sheria ya wodi ilikataza muuguzi kula cha mgonjwa. Nililila. Tangu siku hiyo, zamu yangu ikiangukia mchana, kulikuwa na upande wangu wa sahani, na tulikula wawili bila maneno mengi, Doto akiwa katikati yetu anakoroma kama paka.

Kisha ikafika siku ambayo daktari alisema Doto yuko tayari kwenda nyumbani, na Perusi akasema hayuko tayari. Siku ya kwanza alisema anasikia kifua cha mtoto kinakoroma. Tulisikiliza, hakikuwa na kitu. Siku iliyofuata alisema maziwa yamepungua. Iliyofuata, upepo ziwani ni mbaya. Majura kila mara alikunja na kukunjua kofia yake. Nikueleze kwa nini jambo hili lilikuwa zito. Mtoto aliyepona hatakiwi kukaa wodini, kwa sababu wodini kuna magonjwa ya watoto wengine, na mapafu yake bado ni machanga. Na kweli maziwa ya Perusi yalianza kupungua, safari hii si kisingizio. Uzito wa Doto ukasimama. Kwa upande mwingine, kumpeleka kisiwani mama ambaye moyo wake umekataa, mahali ambapo mtoto akibadilika usiku kuna maji kati yake na hospitali, ilikuwa ni kumpeleka mtoto huyo akamfuate mwenzake. Sista Agripina hakumgombeza. Alisema tu, "Kesho tunasafiri."

Asubuhi tulipanga mabenchi mawili yakawa mtumbwi. Majura aliketi nyuma, kwenye injini. Perusi alipanda katikati, Doto kifuani. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja wa Bunda, mnene, mwenye mdomo usiopumzika. "Baba Doto, hiyo injini ina mafuta au umeweka uji?" Chumba kikacheka. Sista akamwambia Majura ambebe mtoto yeye kwanza, maana mama akichoka njiani ni nani atampa joto? Akavua shati kwa aibu, tukamfunga Doto kwenye kifua chake cheusi kipana. "Jamani, huyu mimba yake imekaa juu sana!" akasema Mama wa Bunda. "Bado kunyonyesha tu." Majura mwenyewe alitabasamu, mara ya kwanza tangu jioni ya Makoko.

Mtoto akarudi kwa mama. Sista akasema, "Haya, mawimbi yanarusha maji. Mnafanyaje? Nionyesheni." Majura akanyanyuka haraka, akatoa kwenye mfuko wake kipande cha nailoni nene, ile wavuvi wanayojifunika ziwani, akamfunika Perusi kuanzia kichwani hadi miguuni, akakandamiza kingo zote vizuri chini ya mapaja yake. Alifanya kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Sista akasubiri kidogo. "Na Doto anapumua wapi?" Majura akaivuta nailoni kama imemchoma. Hakuna aliyecheka. Wakaonyeshwa: mama akae akiupa upepo mgongo, nailoni iishie mabegani nyuma, mbele iwe khanga tu, na uso wa mtoto uonekane wakati wote. Wasafiri asubuhi, ziwa likiwa limelala.

"Basi mmefika," akasema Sista. "Mtumbwi umegusa mchanga. Nani yuko mwaloni?"

Perusi aliinama akarekebisha kofia ya Doto.

"Mama Doto, umefika nyumbani. Shuka. Nani anakupokea?"

"Mimi si Mama Doto," Perusi akasema. Alisema taratibu sana, akitazama kichwa cha mtoto. "Mimi ni Mama Kulwa. Doto alikuja wa pili."

Hata Mama wa Bunda aliinamisha kichwa. Perusi akaendelea, na sasa alikuwa anamwambia mumewe. "Waambie nani yuko mwaloni. Waambie."

Majura akasema, macho chini: "Wako wanawake wote, Sista. Mapacha kwetu hawapokelewagi kimya. Wanashukaga mpaka kwenye maji na nyimbo, wanatutukana matusi ya utani, mimi na mke wangu, mpaka nyumbani. Mama yangu ameshona mbeleko mbili. Kila siku wananipigia, wanauliza wanakuja lini." Alikunja kofia yake. "Sikuwaambia. Nilipiga nikitaka kusema, nikasikia wanaimba kwenye simu. Nikashindwa."

Hicho ndicho kilichokuwa kimemfunga Perusi kwenye kitanda kile: mwalo mzima ukiimba watoto wawili, naye anashuka na mmoja. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza, kwa sababu wote tulikuwa tumekubaliana kutolitaja jina. Sista Agripina aliketi kwenye mtumbwi, kando yake, akamshika mkono. "Mama Kulwa," akamwita. "Mama Kulwa, lia." Perusi akalia hadi kitenge kikalowa, na Doto, aliyebanwa katikati ya kilio hicho, akaanza kutafuta titi. Maziwa hayakukata. Yalishuka yakamlowesha mtoto shingo, nami nikasimama hapo na kikombe changu cha kumnyweshea mkononi bila kazi.

Majura alitaka kupiga simu palepale. Sista akakataa. "Neno hilo halipigiwi simu. Panda mtumbwi wa kweli, uende." Akaenda. Aliporudi alikuwa na mama yake, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheupe kichwani, ambaye aliingia wodini, akanawa kama alivyoelekezwa, akaenda moja kwa moja hadi kitandani. Hakusema Mungu ametoa, hakusema shukuru umebakiwa na mmoja. Alitoa zile mbeleko mbili. Akamfunga Doto kifuani kwa Perusi na ya kwanza, kisha akazungusha ya pili juu yake. Akasema, "Mama Kulwa, tunaenda nyumbani. Wameacha nyimbo. Watakupokea wakiwa wamekaa chini, kama msibani."

Asubuhi ya kuondoka niliomba ruhusa niwasindikize. Tulipita Makoko kwanza. Kaburi lilikuwa dogo, nyuma ya nyumba ya shangazi, karibu na kijia ambacho mimi nilikitumia kila siku kwenda kupanda gari la kazini. Nilikuwa nimepita hapo miezi yote ile bila kujua. Perusi alisimama na Doto kifuani, mama mkwe akimshika kiwiko. Hakulia tena. Aliongea na mtoto wake kwa lugha ya kwao, nisiyoijua, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeacha maagizo nyumbani kabla ya safari. Kisha akanigeukia. "Wewe unapitaga hapa kila siku. Sisi tuko mbali na kuna maji. Ukipita, umsalimie Kulwa."

Walipanda mtumbwi, ziwa likiwa limelala. Perusi aliupa upepo mgongo. Nailoni iliishia mabegani. Kutoka ufukweni niliona kofia nyeupe ya Doto mpaka ikawa nukta, halafu sikuiona. Kisha nikarudi kazini, nikakuta kitanda kimeshatandikwa na mama mwingine ameketi juu yake, ananitazama kwa hofu ileile. Kazi yetu ndivyo ilivyo. Unawafundisha watu mpaka wasikuhitaji, na wakifaulu unabaki peke yako na sahani yako. Jioni ile nilisonga ugali wangu wa kiganja kimoja na nikasikia kwa jirani wakigombania kichwa cha sato. Sitakudanganya kwamba upweke uliisha. Nilikaa Musoma miaka mingi, na jioni nyingi zilikuwa hivyohivyo. Ila kila siku, asubuhi nikienda na jioni nikirudi, nilisimama kwenye kile kijia nikasema, "Kulwa, hujambo?" Mji mzima ule, huyo ndiye mtu wa kwanza niliyekuwa na sababu ya kumsalimia. Nilipohama Makoko nilichagua nyumba mpya ambayo njia yake inapita hapohapo.

Kule Bunda, sahani zilipokuwa zimeisha, nilimuuliza Perusi habari za Doto. Akacheka. "Yuko Murangi, ananunua dagaa na kuuza. Anagombanaga na kila mtu kwenye mizani. Ana watoto. Watu wakimuuliza Kulwa yuko wapi, anawaambia yuko Makoko." Akaniuliza kama nimeshiba. Nikasema bado, ingawa nilikuwa nimeshiba, akainuka kwenda kuongeza, tukala tena kutoka sahani moja.

Dagaa wangu wamekwisha kuchambuliwa, kwa hiyo nimalizie kwa jambo moja tu, maana moja linatosha. Ukisikia mwanamke wa karibu nawe amerudi kutoka hospitali na mtoto mmoja ilhali walikuwa wawili, nenda kamtembelee. Nawa mikono hadi viwiko. Usiombe kumbeba mtoto, mwache kifuani kwa mama yake. Kaa chini, kula utakachopewa. Kisha muulize yule mwingine anaitwa nani, na akikutajia jina, lirudie kwa sauti ili alisikie.